Ng'ombe Waliomfuata Mhewa

Mmeniuliza mmoja mmoja, wengine kwa simu, wengine baada ya ibada, kwa nini nilirudi kutoka Dodoma nikiwa mkimya. Kila aliyeuliza nilimpa jibu fupi, na majibu hayo hayakufanana. Naandika sasa mara moja kwa wote, ili nisije nikawa na simulizi la kila msikilizaji. Baadhi yenu mliketi darasani kwangu, na ninyi ndio ninaowaandikia hasa.

Beno pia aliketi darasani kwangu. Siku hizi ni mwongozaji wa filamu, na mwaka jana alianza kutengeneza filamu ya vita vya zamani: mapigano madogo ya enzi za Wajerumani katika nchi ya Wagogo, ambayo vitabu vingi haviyataji. Ndani yake yumo mtu aitwaye Mhewa. Askari wa boma wanawakamata wanawake wa kijiji na kudai ng'ombe, na Mhewa anawaongoza nyumba kwa nyumba kuwatoa ng'ombe waliolala katika mazizi ya jirani zake. Katika filamu ndiye msaliti. Habari hiyo Beno aliipata kwangu. Niliiandika katika tasnifu yangu ya chuo kikuu, kisha nikaifundisha kwa miaka kumi na tisa.

Jumanne moja akanipigia simu kutoka Kolo, walikokuwa wakipiga picha. Alisema ajuza mwenye ng'ombe wa filamu, aliyekuja nao kwa lori kutoka Bahi, amesikia jina la Mhewa likitajwa, ameweka kigoda mbele ya zizi na hataki mnyama yeyote atoke. Anadai Mhewa ni babu yake na hakumsaliti mtu.

"Njoo na karatasi zako, Mwalimu," aliniambia. "Jumamosi jua likitua tunafungasha. Mzungu wangu anaondoka, na fedha zimekwisha. Ajuza akikuona wewe atanyamaza."

Sikulala vizuri. Niliogopa mambo mawili yanayopingana: kwamba ajuza yule angekuwa mkaidi, na kwamba angekuwa sahihi.

Dar es Salaam hadi Kibaigwa

Basi liliondoka alfajiri, na hadi Morogoro sikuwa na la kulalamikia. Tulipopita Gairo likaanza kutoa harufu ya mpira ulioungua. Dereva aliliongoza polepole hadi Kibaigwa, akalisimamisha kando ya soko la mahindi na kutuambia tushuke tunyooshe miguu. Tulinyoosha miguu kwa saa tano.

Nilikuwa na kasha refu la plastiki lenye ramani na nakala za taarifa za Wajerumani, na miwani yangu ilining'inia shingoni kwa kamba. Nilitafuta kivuli upande wa mizani, walipokuwa wakipima magunia. Mazungumzo yakakatika. Kijana mmoja aliyekuwa amekanyaga ukingo wa mizani akaondoa mguu wake taratibu. Dalali mnene mwenye kofia ya sufu alinijia na kiti cha plastiki, akakifuta kwa kiganja, na mwingine akaleta soda baridi.

"Karibu, mama. Ungetuarifu tungekuandalia mahali," alisema.

"Nasubiri basi tu," nilimjibu.

"Ndiyo, basi," alisema kwa heshima kubwa, na kuwageukia wenzake. "Mama anasubiri basi. Pimeni vizuri."

Ilinichukua muda kutambua kwamba wamenidhania mtu wa vipimo aliyetumwa kuwakagua. Nilipaswa kusahihisha. Lakini jua lilikuwa kali, kiti kilikuwa kizuri, na nilikuwa na njaa. Mama mmoja muuza chakula aliniletea ugali na maharage, akakataa kuambiwa asante. Jirani yangu pale kivulini, mkulima aliyeleta magunia manane kutoka ndani huko, alinisogelea na kuninong'oneza, "Mama, usiondoke mapema. Tangu ufike gunia langu limekuwa zito."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Sikuwa nimesema neno hata moja la uongo. Kasha la karatasi lilisema kwa niaba yangu, na watu wazima wakapanga mambo yao kulifuata. Nilijiuliza ni mara ngapi nimekalia kiti ambacho karatasi imenipatia.

Basi lilipowaka, dalali alinisindikiza hadi mlangoni. Aliponiona nikipanda kweli, uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyelipa mara mbili.

Kikuyu, Dodoma mjini

Nilifikia Kikuyu kwa Mama Neema, tuliyesoma naye sekondari. Hakuniuliza chochote mpaka niliponawa. Alitenga ugali wa uwele na mlenda, na pembeni bakuli la zabibu kutoka shambani kwa shemeji yake.

"Kula kwanza. Ukija na uso huo Ugogo watadhani umeleta taarifa ya msiba," alisema.

"Labda nimeileta."

Nilimweleza. Alisikiliza huku akivuta mlenda kwa vidole na kuukata kwa ustadi ambao mimi, mtoto wa Newala, sijaupata mpaka leo.

"Na wewe una uhakika gani?" aliniuliza.

Nilifungua kasha nikamwonyesha. Ofisa wa boma la Kilimatinde, mtu mwenye mwandiko wa kubana, alieleza tukio lile kwa sentensi tatu tu. Ya kwanza ilisema Mhewa alikwenda na askari nyumba kwa nyumba, na ng'ombe wakatolewa katika mazizi ya jirani zake. Ya pili ilihusu jinsi wanyama walivyotembea. Ya tatu ilisema kesho yake wanawake waliachiliwa. Nilizisoma nikiwa msichana wa miaka ishirini na minne, Kijerumani changu kikiwa bado kibichi. Ya kwanza ikanipa kosa, ya tatu ikanipa malipo ya kosa. Ya pili niliiacha. Sikuona maana ya kuandika mwendo wa ng'ombe katika tasnifu.

"Ni sentensi tatu tu?" aliuliza Mama Neema.

"Na ushahidi wa kijijini. Nilikwenda mwenyewe."

"Ukakaa siku ngapi?"

Nilichukua zabibu nikaiweka mdomoni ili nisijibu. Nilikaa mchana mmoja.

Dodoma hadi Kolo

Asubuhi Beno alimtuma Salimu kunichukua kwa gari. Salimu ni Mrangi wa Kondoa, mchangamfu, na licha ya udereva alipewa pia kazi ya askari katika filamu.

"Shikamoo, Mwalimu. Unamwona maiti anayeendesha gari," alisema tulipoanza safari. "Tangu Jumatatu nimekufa mara nne. Mara mbili kwa mshale, mara moja kwa mkuki, na mara moja niliteleza mwenyewe, Beno akasema imependeza, iache."

Njiani alinieleza mambo ya nyuma ya kamera ambayo watazamaji hawatayajua. Boma la Mjerumani ni mbao nyembamba zilizopakwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na upepo ukivuma wanaume sita hulishikilia kwa nyuma. Bunduki zilichongwa na seremala wa Kondoa. Damu ni rosela iliyochemshwa hadi ikawa nzito, na nyuki huwafuata majeruhi. Ofisa Mjerumani ni mhandisi wa visima, Mzungu mpole aliyekubali kuigiza wakati wa likizo yake. Wagogo wa filamu ni vijana wa Kirangi, kwa kuwa Beno alipenda vilima na mawe ya Kolo kuliko tambarare ya miiba ambako mapigano yenyewe yalitokea.

"Kwa hiyo Wagogo si Wagogo, na nchi si yao," nilisema.

"Ng'ombe ndio Wagogo peke yao," alijibu Salimu. "Na ndio waliogoma."

Jambo moja lilinifariji. Tulifika Kolo adhuhuri, na askari wote wa Kijerumani waliweka bunduki zao za mti chini, wakavua viatu, na kusimama safu kuswali, vile vitambaa vya kofia vikiwafunika shingo. Beno aliona haya mbele yangu, kana kwamba historia imeharibika. Nilimwambia hapana: askari wa Wajerumani walikuwa Waafrika, na wengi wao walikuwa Waislamu. Katika siku zote za filamu, huenda hilo ndilo tukio lililokaribia ukweli kuliko yote, na kamera ilikuwa imezimwa.

Bibi Wendo, yule ajuza, alikuwa mahali alipoelezwa kuwa, juu ya kigoda, mgongo wake ukiegemea lango la zizi. Alivaa khanga mbili na sweta la kijani. Ng'ombe walikuwa nyuma yake wakicheua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye kitabu?"

"Mimi ndiye niliyekiandika."

"Ndicho nilichouliza." Alilitazama kasha langu. "Hebu niambie. Karatasi inasema ng'ombe wale walikuwa wa nani?"

"Inasema walitolewa katika mazizi ya jirani."

"Sikukuuliza walilala wapi. Nimekuuliza walikuwa wa nani."

Beno alinitazama kwa matumaini, kama alivyokuwa akinitazama ubaoni.

"Hawa unaowaona," aliendelea Bibi Wendo bila kugeuka, "ni kumi na wanne. Wangu ni watatu. Wengine ni wa watu, wamewaweka kwangu niwatunze. Mimi nakunywa maziwa, wao wana ng'ombe wao. Na wangu waliobaki wamelala kwa watu. Wengine kwa Daudi fundi pikipiki, wengine kwa wifi yangu. Ugonjwa ukiingia zizini kwangu hauniachi mikono mitupu. Mvua ikininyima mimi, itampa mwingine. Kwetu mwenye akili haweki ng'ombe wote pamoja. Sasa, ukinikuta asubuhi natoa ng'ombe zizini kwa Daudi, utaandika nini?"

Kwetu Newala utajiri ni mikorosho, na mkorosho haulali kwa jirani. Nasema hivyo kama maelezo, si kama udhuru.

"Bibi," alisema Beno, "hiyo ni mila ya leo. Sisi tunazungumzia enzi za Wajerumani."

"Mwanangu, unadhani mila hii tuliletewa na televisheni? Sotoka ilipomaliza ng'ombe, hao Wajerumani wenyewe wakiwa wageni, wazee waliobakiwa na kitu ni waliokuwa wamewatawanya."

Kuhusu sotoka alikuwa sahihi. Mimi mwenyewe niliifundisha, katika sura nyingine.

Beno alinivuta kando. "Nipe kitu, Mwalimu. Huyu ni mjukuu, lazima amtetee babu yake. Bila tukio la usaliti sina filamu. Na wewe ndiye uliyenifundisha."

Bibi Wendo alikuwa na masikio makali. "Nendeni basi Bahi, kwa Daudi," alisema kwa sauti. "Zizi la babu yake ndilo la kwanza kutolewa ng'ombe. Aliyeibiwa hasahau, hata vizazi vipite. Mkamuulize kama kwao waliibiwa. Akisema ndiyo, mimi naondoka hapa, na mtaandika mnavyotaka hata kaburini kwangu."

Nilimwomba Beno asipige picha ya tukio lile kabla sijarudi. Alisema atasubiri hadi jua la Jumamosi, wala si zaidi.

Kolo hadi Bahi

Tuliondoka Ijumaa. Salimu aliswali Kondoa mjini, nami nikamsubiri hotelini nikila wali kwa mbuzi bila kuhisi ladha yake. Nilikuwa na hesabu moja kichwani: kilomita za kwenda, kilomita za kurudi, na jua. Baada ya Chemba gurudumu likapasuka. La akiba halikuwa na upepo. Mwendesha baiskeli mmoja alilibeba hadi kijiji cha mbele, akarudi nalo baada ya saa moja na nusu, akakataa kuharakishwa.

"Mama ana mgonjwa?" alimuuliza Salimu.

"Ana ng'ombe wa zamani," alijibu Salimu.

Yule bwana alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu anayeujua ugonjwa huo.

Tulipita Dodoma bila kusimama, tukaingia tambarare ya Bahi jua likianza kuegemea. Kijiji chenyewe kiko mbali na lami. Nilikikumbuka kwa mlango mmoja wa kanisa tu, na nilishangaa jinsi kumbukumbu niliyoijengea sura nzima ilivyokuwa nyembamba.

Daudi alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki iliyofunguliwa tumbo. Ni mtu wa miaka sitini hivi, mwenye mafuta hadi viwikoni. Alitunyooshea kifundo cha mkono tukisalimie, akaangalia gari letu, akaangalia kasha langu.

"Kama mnanunua ng'ombe, mnada ni Jumatano," alisema.

"Hatununui," nilimjibu. "Nimekuja kuuliza habari za Mhewa."

Alisimama polepole. Kisha akanitazama usoni kwa muda usio wa kawaida.

"Ulikuja na daftari la bluu," alisema.

Nilitafuta mahali pa kukaa, nikakaa juu ya tairi.

"Nilikuwa hapa hapa, baba bado yuko hai," aliendelea. "Ulimuuliza kama siku ya askari ng'ombe walitolewa zizini kwetu. Akasema ndiyo. Ukauliza kama Mhewa ndiye aliyewatoa. Akasema ndiyo. Ukafunga daftari. Mama alikuwa amebandika uji, akatoka nao, akakuta gari lenu limeshawaka. Tuliunywa sisi. Baba akasema, huyu binti ana haraka, labda ameacha mtoto mdogo."

"Sikuwa na mtoto," nilisema.

"Basi tulikusingizia."

Nilimuuliza kama kwao waliibiwa.

Alicheka, hakunikejeli. "Tuibiwe na Mhewa? Ng'ombe wawili walikuwa wake, wamelala kwetu. Babu alilia walipotoka, hilo ni kweli, maana maziwa yao alikuwa ameyazoea. Mwalimu, sikia. Bibi yangu, mke wa babu, alikuwa amefungiwa bomani pamoja na wenzake. Mhewa hakuwa na mke wala binti mle ndani. Wake wa watu ndio walikuwa mle. Akazunguka nyumba hadi nyumba, akakusanya ng'ombe wake wote alikowatawanya, akawapeleka. Bibi akarudi. Baba yangu akazaliwa baadaye." Aliinua mikono yake yenye mafuta. "Pikipiki zote hizi zinazotengenezwa kijijini, zinatengenezwa na ng'ombe wale wawili."

"Na yeye?"

"Yeye alibaki na fimbo. Ndiyo maana mpaka leo, wa kwao akitaka kuweka ng'ombe, sisi hatukatai. Zizi lijae lisijae."

Aliniuliza kama alichosema ndicho kilichoandikwa. Nilimwambia hapana. Nilimwambia nilichoandika, neno kwa neno, na kwamba watoto wa shule walikuwa wamekisoma. Alipangusa bisibisi kwa kitambaa, upande mmoja, kisha upande mwingine.

"Bibi Wendo alikuwa anajua?" aliuliza.

"Amejua wiki hii."

"Basi rudi haraka," alisema. "Lakini safari hii kunywa uji kwanza."

Niliunywa. Ulikuwa wa mtama, na nilipewa kikombe cha pili bila kuulizwa.

Bahi kurudi Kolo

Jumamosi asubuhi tuliondoka mapema, na tungewahi vizuri. Lakini mvua ilikuwa imenyesha juu ya mto usiku kucha, mahali tusipopaona, na korongo tulilolipita jana likiwa mchanga mkavu sasa lilikuwa likishuka maji ya rangi ya chai. Wenyeji waliketi ukingoni wakisubiri kwa utulivu. Nilimpigia Beno simu mara saba. Wakati wa kupiga picha simu zote huzimwa.

"Maji haya yataisha lini?" nilimuuliza mama mmoja mwenye kuku kikapuni.

"Yakiisha," alisema.

Nikatoa nakala yangu, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, nikasoma tena zile sentensi tatu. Safari hii sikuweza kuiruka ya pili. Ofisa yule aliandika, kwa mshangao ambao hakuona haja ya kuueleza, kwamba wanyama walitoka katika kila zizi waliposikia sauti ya Mhewa, nao wakamfuata bila kupigwa.

Nililelewa mbali na ng'ombe, lakini hilo nililielewa mara moja, pale pale ukingoni. Ng'ombe wa mtu mwingine hafuati sauti ya mwizi. Yule Mjerumani hakujua alichokiona, lakini alikuwa mwaminifu kiasi cha kukiandika. Mimi nilikuwa na shahada, nikakiacha.

Nilimsomea Salimu. Mara hii hakutania. Kisha akasema, "Mwalimu, miaka yote hiyo ulikuwa nayo mkobani?"

"Ndiyo."

"Basi tuvuke," alisema, ingawa maji yalikuwa bado magotini. Tulivuka kwa kufuata lori, na mlango wa upande wangu ukapitisha maji hadi kwenye viatu.

Baada ya Kondoa niliacha kutazama barabara, nikalitazama jua.

Tulipofika, sikuelewa kwanza nilichokiona. Askari wa Kijerumani walikuwa wakikimbia vichakani, kofia mkononi, wakipiga miluzi. Beno alikuwa amechoka kusubiri; alimshawishi kijana wa Bibi Wendo afungue zizi upande wa nyuma, na ng'ombe wakaswagwa hadi katika tembe tatu za mbao zilizojengwa kwa filamu. Mwigizaji wa Mhewa alipoingia kuwatoa, hawakutoka. Walipochapwa, walipita ukutani. Ilichukua saa nzima kuwarudisha, na wakarudi wakiwa wameweka masikio nyuma. Bibi Wendo alikuwa angali juu ya kigoda, akilinda lango la zizi tupu.

Beno alikuwa ameketi juu ya sanduku la taa. Hakunisalimu.

"Hakumsaliti mtu," nilimwambia. "Walikuwa ng'ombe wake. Aliwakomboa wake za wenzake."

"Mwalimu, wewe ulinifundisha hivyo."

"Nilikufundisha vibaya."

Nilidhani atabisha. Alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mwanafunzi, si kwa hasira, bali kama mtu anayehesabu upya vitu vyote alivyopewa na mkono uleule. Nikamsomea sentensi ya pili. Aliisikiliza, akageuka akawatazama ng'ombe waliokuwa wakihema ndani ya tembe za mbao, kisha akatazama jua. Lilikuwa limebaki upana wa viganja viwili juu ya kilima.

Aliondoka, akaenda akachuchumaa mbele ya kigoda.

"Bibi, nisaidie. Waite wewe, ukiwa nyuma ya kamera. Kijana atembee mbele."

"Kijana atasema nini?"

Beno alichukua muswada, akakata mstari mmoja kwa kalamu, akaandika mwingine, akamsomea: "Hawa ni wangu. Waacheni mama zetu."

Bibi Wendo aliyapima maneno yale. "Atayasema kwa Kigogo?"

"Hajui Kigogo, bibi. Ni Mrangi."

"Nitamfundisha. Maneno machache hayo hata Mrangi anayaweza," alisema, na Salimu, aliyekuwa akivaa sare yake ili afe mara ya tano, alisema hiyo ni dharau atakayoipeleka kwa wazee. Hapo ndipo watu walipocheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Kamera ikawashwa. Kijana alisema maneno yake. Bibi Wendo, akiwa amesimama nyuma yangu na fimbo yake, aliita. Hakuinua sauti. Aliwaita majina yao mmoja baada ya mwingine, kwa kuvuta, kama mtu anayeamsha watoto wa shule. Katika tembe ya kwanza kichwa chekundu kilijitokeza. Kisha katika ya pili. Wakatoka taratibu, wale waliokuwa wake na wale waliokuwa wa watu, wakajipanga wenyewe, wakapita kando ya askari pasipo fimbo kuinuliwa.

Mhandisi wa visima, aliyevaa sare ya ofisa, alikuwa na maneno ya kusema hapo. Hakuyasema. Alisimama mdomo wazi, macho yakifuata ng'ombe, na uso wake haukuwa wa kuigiza. Nilimtazama yeye kuliko ng'ombe. Nilidhani ninajua sasa uso wa mtu yule wa Kilimatinde kabla hajachukua kalamu.

Jua lilizama. Beno alisema imetosha.

Nyumbani

Wakati wanapakia ng'ombe kwenye lori, nilikwenda kumuaga Bibi Wendo. Nilipiga goti, nikamwomba radhi. Hakuniambia kwamba si neno, wala hakuniambia kwamba amesamehe.

"Sinema wameibadilisha kwa jioni moja," alisema. "Kitabu chako kinabadilishwa kwa muda gani?"

Nilimweleza kwamba tasnifu iko rafuni, katika maktaba, na kilichokwisha kupokelewa hakibadilishwi.

"Na waliokisoma?"

"Nawajua baadhi yao."

"Basi anza na hao," alisema, akapanda mbele ya lori, kigoda chake mapajani.

Ndiyo maana mmepata maandishi haya badala ya jibu fupi. Mlioketi darasani kwangu, mkiwa bado mna madaftari yenu, tafuteni ukurasa wenye jina la Mhewa. Neno nililowaandikisha mbele ya jina hilo, likateni. Hakuwasaliti jirani zake. Aliwatoa ng'ombe wake alikokuwa amewalaza, akabaki na fimbo, na ng'ombe walimfuata bila kupigwa. Niliisoma habari hiyo nikiwa na miaka ishirini na minne, na sikukaa kunywa uji.